Beji Tatu, Pumzi Nne

Feni ilizimika, ikawaka tena, kisha kioo kidogo cha kompyuta ya ukutani kikaanza kuandika mistari ya kijani, mmoja mmoja, kwa maringo ya karani anayejua kwamba foleni haina pa kwenda.

Vihisi: vimepakiwa.
Feni: imepakiwa.
Beji: imepakiwa. Beji tatu.
Mgao: haukupakiwa.

Kikaishia hapo. Kialama kikabaki kinapepesa chini ya mstari wa mwisho, kama kinasubiri pongezi.

"Haukupakiwa," Ryoba alisoma kwa sauti, kwa sababu Ryoba hajawahi kusoma kitu kimoyomoyo tangu azaliwe. "Fundi, haukupakiwa wapi? Kwenye lori?"

"Kwenye kumbukumbu ya mashine, kaka."

"Sasa usipopakiwa inakuwaje?"

Nkwimba alikuwa ameshapiga magoti mbele ya kibodi. "Mitungi ya oksijeni haifunguki."

Ryoba alifungua mdomo, akaufunga. Kwa mtu mwenye sauti ya kushindana na mashine yake ya kuchoronga miamba, hilo lilikuwa tukio.

Walikuwa ndani ya Kimbilio, chumba cha chuma chenye ukubwa wa kontena, kilichochimbiwa ubavuni mwa njia kuu ya mgodi ili watu wajifiche humo mambo yakiharibika. Na mambo yalikuwa yameharibika vizuri sana. Lori lilishika moto kwenye mteremko, moshi ukajaa njia nzima, umeme ukakatika, na Kimbilio ikazimika na kujiwasha upya kwa betri zake. Simu ya waya ilifanya kazi kwa muda wa kutosha mtu wa juu kusema, "Tulieni, tutawafikia kesho mchana," kisha nayo ikaungua.

Wenye beji walikuwa watatu. Nkwimba, fundi wa pampu, ambaye alikabidhiwa pia kompyuta ya Kimbilio kwa sababu siku ya kugawana kazi alichelewa kikao. Ryoba, mchorongaji. Na mzee Bulugu, nyapara wa zamu, mwenye kitambi kidogo na upole mwingi, mtu anayeweza kukukemea mpaka ukamshukuru.

Wa nne alikuwa ameketi kwenye kona ya mlango, amekumbatia kiroba cha mawe. Alijisukuma ndani wakati wanafunga, akamkanyaga Ryoba mguu, akaomba radhi, akamkanyaga tena. Jina lake Wande. Kazi yake kuokota magwangala, yale mawe ya kutupwa ambayo mgodi hauyataki lakini pia hautaki mtu mwingine ayatake. Beji hakuwa nayo.

Na pale mgodini Nyang'hoboko, beji ndiyo pua. Mgodi ulikuwa umekwenda chini kiasi kwamba hewa ilipelekwa kwa mabomba, na mabomba yalipeleka penye beji tu. Penye beji tano, hewa ya watu watano. Wasiokuwa nazo, yaani wavamizi, waliishi kwa hewa ya kuvuja, wakitambaa kutoka maungio ya bomba hili hadi lile kama panya wanaofuata harufu ya mkate. Kila ukuta ulikuwa na kibao chekundu: MVAMIZI MMOJA, HEWA SIFURI. Yaani akiingia mmoja asiye na beji, wote wanafungiwa hewa.

Ryoba aligeuka polepole akamtazama Wande.

"Mbona jibu tunalo," alisema. "Limekaa pale na kiroba."

*

"Subiri," Nkwimba alisema.

"Nisubiri nini? Kibao si kinasema? Mashine imehesabu, imeona mtu wa ziada, imegoma. Hata mimi ningegoma."

"Wewe unagoma hata chai ikipoa," mzee Bulugu alisema kwa upole. "Mwache binti aangalie."

Mashine ya Kimbilio haikuwa na akili nyingi, na hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake. Iliendeshwa na programu nyepesi ya jamii ya Linaksi iliyoitwa Sisimizi, ambayo yote ilienea kwenye flashi ndogo kuliko kidole gumba. Ukiiwasha, inajimwaga kwenye kumbukumbu, inapakia viongezo vyake kimoja baada ya kingine, kisha inaanza kazi. Kiongezo kimoja cha kuzungusha feni, kingine cha kusoma vihisi vinavyohesabu pumzi, kingine cha kutambua beji, na kile cha Mgao, cha kufungulia mitungi. Ukiizima, inasahau kila kitu, kama mlevi aliyelala vizuri. Makosa, takataka, mambo uliyoiandikia jana, vyote vinafutika. Ndiyo maana waliichagua: mashine isiyokumbuka haizeeki.

Lakini ina kisirani kimoja. Kila kiongezo kina alama yake, mfano wa alama ya kidole, iliyopigwa muhuri na ofisi ya juu. Kabla ya kupakia, Sisimizi inalinganisha. Ikipungua nukta moja, au ikizidi, inakataa. Na ikikataa haitoi maelezo. Inasema "haikupakiwa" na kuendelea na maisha yake.

Nkwimba alianza na maswali ya kitoto, maana ndiyo yanayookoa muda. Flashi inasomeka? Inasomeka. Kumbukumbu ina nafasi? Ipo ya kumwaga. Mgao upo kwenye flashi? Upo, na jina lake halijakosewa. Vile unavyovitegemea vimepakiwa? Mgao unaitegemea Beji, Beji inategemea Vihisi, na vyote viwili vimeingia bila kulalamika.

"Kaka Ryoba, hebu njoo," alisema. "Tazama huu mstari. Beji imepakiwa, imehesabu beji tatu, imemaliza kazi yake. Anayelinganisha beji na watu ni Mgao. Sasa Mgao wenyewe haujaingia. Utamkataaje mgeni kama wewe mwenyewe hujafika nyumbani?"

Ryoba alikuna kidevu. "Labda umemwona kutoka mbali."

"Kwa macho ya nani?"

"Mimi mchorongaji, usinihoji kama hakimu."

Kutoka kona ya mlango Wande alikohoa kikohozi cha makusudi. "Ahsante, binti. Endelea kusema hivyohivyo, taratibu, huyu kijana aelewe."

"Mama, wewe nyamaza, unatumalizia hewa."

"Na wewe unayeongea unatumia ya kwenu?"

Nkwimba alijaribu kuupakia Mgao kwa mkono. Kioo kilifikiri kidogo, kisha, kwa mara ya kwanza, kikatoa sababu.

Alama hailingani.

Alisoma mara mbili. Jasho lilikuwa limeanza kumtoka juu ya mdomo, na halikuwa la joto peke yake. Hewa ya chumba ilikuwa bado inavutika, ila ilikuwa imeanza kuwa nzito, kama hewa ya chini ya blanketi.

"Mtu ameugusa huu Mgao," alisema.

Ryoba alimnyooshea kidole Wande kabla hata sentensi haijatua.

"Mimi?" Wande alicheka kwa kukauka. "Mwanangu, mimi hata simu yangu huwa nawashiwa na mtoto wa jirani."

*

Kiongezo ni kama mzigo ulioshindiliwa. Unaweza kukifungua pembeni ukachungulia, bila kukiwasha. Nkwimba alikifungua. Ndani kulikuwa na vitu vilevile vinavyotakiwa kuwemo, vyote vya tarehe moja, siku mgodi ulipozinduliwa. Isipokuwa kimoja. Kimoja kilikuwa cha wiki iliyopita, na jina lake lilikuwa SALAMU.

Ni lazima niseme kuhusu hizi salamu. Zamu za Nyang'hoboko hazikutani. Wanaopanda wanapanda kwa lifti ya mashariki, wanaoshuka wanashuka kwa ile ya magharibi, na mtu anaweza kufanya kazi mwaka mzima na mwenzake bila kumwona uso. Kwa hiyo zamu zilizoea kusalimiana kupitia mashine ya Kimbilio, kwa mtindo ule wa redioni: natuma salamu kwa fulani, asipopatikana zimfikie fulani. Kila anayeingia kukagua chumba husoma za wenzake, hucheka, huacha zake. Tatizo, umeme ukipepesa tu, Sisimizi inasahau. Zamu ya pili inasalimu, zamu ya tatu inakuta kioo cheupe, haijibu. Watu wakaanza kununiana. Mtu wa baruti na mtu wa pampu walikaa mwezi mzima hawatumiani hata spana, kisa, "nilimsalimu, akanidharau."

Nkwimba alifungua ile SALAMU akaisoma kwa sauti, kwanza kwa haraka, kisha polepole.

"Mimi Bulugu, nyapara wa zamu ya pili, nikiwa chini kabisa, nawasalimu wote wa zamu ya tatu. Salamu za pekee zimfikie Ng'wandu mtu wa baruti. Asipopatikana, zimfikie aliyekalia kiti chake. Ujumbe: acheni kununiana, tatizo ni mashine. Hizi sasa hazitafutika."

Feni ilizunguka. Aliyecheka wa kwanza ni Wande. Hakikuwa kicheko cha ubaya, kilikuwa cha mtu aliyebanwa mno, kikatoka chenyewe. Nkwimba akafuata. Ryoba hakucheka. Alimtazama mzee Bulugu kama mtu aliyemkuta baba mkwe kwenye muziki wa usiku.

"Nyapara," alisema. "Ni wewe?"

Mzee Bulugu alivua kofia ya chuma, akaiangalia kwa ndani.

"Yule fundi wa zamu ya tatu aliniambia kitu pekee kisichofutika kwenye hii mashine ni viongezo vyenyewe. Nikamwambia basi zitie humo. Nilichagua Mgao kwa sababu ndio muhimu kuliko vyote. Nilijua huo hawawezi kuuondoa."

"Lakini mzee, huo Mgao wiki nzima umefanya kazi!" Ryoba alisema.

"Wiki nzima umeme haujapepesa, kwa hiyo uliokuwa kazini ni ule wa kwenye kumbukumbu," Nkwimba alisema. "Mzima, haujaguswa. Huu wenye salamu ulikuwa umekaa kwenye flashi unasubiri siku ya kuwasha upya. Ndiyo leo."

"Si uzitoe basi hizo salamu, fundi."

"Nikizitoa nikaushindilia tena, hautoki uleule. Ukifungua godoro la dukani, ukalifunga tena, linarudi vilevile? Alama itakuwa nyingine. Na muhuri uko juu."

Mzee Bulugu alirudisha kofia kichwani. Mikono yake mikubwa ilichukua muda kupata mkanda.

"Kuna njia nyingine?" aliuliza, na kwa mara ya kwanza tangu Nkwimba amfahamu, aliuliza bila kuongeza "binti yangu."

*

Ilikuwapo. Mafundi wote waliijua, na wote walikuwa wametia sahihi kwamba hawaijui. Wakati Sisimizi inaamka kuna pumzi moja ya nafasi, kabla haijaanza kupakia, ambapo unaweza kuiandikia neno. Ukiandika bila-muhuri, haikagui alama ya kitu chochote. Inapakia kama mtu mwenye njaa, haulizi nani kapika.

Kuizima maana yake feni nayo inasimama, na taa. Nkwimba aliwaambia. Hakuna aliyepinga. Alibonyeza.

Giza la chini ya ardhi siyo giza la kukosa taa. Linakujia karibu, linakushika uso. Mtu mmoja alivuta pumzi kwa nguvu na Nkwimba hakujua ni nani, na kwa sababu hakujua, alimhurumia. Kisha kioo kikawaka. Akaandika neno lake kwa vidole vilivyoteleza.

Vihisi: vimepakiwa.
Feni: imepakiwa.
Beji: imepakiwa. Beji tatu.
Mgao: umepakiwa.

Nyuma ya ukuta kitu kiligonga kengele ndogo, ko, halafu ukasikika mvumo wa hewa, mwembamba, mtamu. Ryoba alipiga makofi. Alimkumbatia Nkwimba, akamkumbatia nyapara, akaelekea kona ya mlango na mikono wazi, akakumbuka, akaishusha.

"Nilisema mimi! Huyu binti wampe ofisi!"

"Ulisema nimtupe mama wa watu nje."

"Hayo tusirudie, fundi, tumeshapona."

Mvumo ukakatika.

Ulikatika hivyo tu, katikati. Wote wanne walitazama kioo.

Pumzi nne. Beji tatu. Mgao umesitishwa.

Sasa Mgao ulikuwa umefika nyumbani, umekaa, umemwona mgeni. Kazi yake ilikuwa inaifanya sawasawa, kama ofisi ilivyotaka ifanye. Kibao chekundu hakikuwa kinatisha watu bure.

Hakuna aliyemtazama Wande. Hilo ndilo lilikuwa baya. Dakika chache zilizopita walikuwa wanamnyooshea vidole; sasa kila mtu alitafuta pengine pa kuweka macho, na kwenye chumba kile hapakuwa na pengine pengi.

Ryoba alisema kwa sauti ndogo, sauti ambayo Nkwimba hakujua kama anayo, "Kuna chumba cha katikati. Kati ya mlango huu na ule wa nje. Siyo nje. Katikati tu."

"Katikati kuna moshi," Nkwimba alisema.

"Moshi kidogo."

"Basi kakae wewe."

"Mimi nina beji!" Sauti yake ilirudi yote. "Sikuiokota! Nimekaa kambini miezi na miezi kuisubiri, nikapimwa mapafu, damu, meno, hata meno, fundi! Yeye kaingia kwa tundu. Simchukii. Lakini mashine imesema watatu au hakuna."

"Akae katikati ya milango muda gani? Mpaka kesho mchana?"

Ryoba aligeukia mlango.

Wande alisogeza kiroba chake mbele ya magoti, kama ukuta mdogo.

"Nisikilizeni, wanangu," alisema. "Msije mkadhani nitasimama niseme sawa, niacheni niende, mmebarikiwa. Sitoki. Mimi nataka kuishi kama huyo mwenye meno yaliyopimwa. Mkinitoa mtanitoa kwa mikono yenu, na mkono mmojawapo nitaung'ata mpaka unikumbuke."

Ryoba alishika usukani wa kufungulia mlango. Hakuuzungusha. Aliushika tu.

*

"Mzee," Nkwimba alisema. "Wewe ndiye nyapara."

Mzee Bulugu alikuwa anapumua kwa mdomo. "Nikisema atoke ni amri. Nikisema abaki ni amri. Na mimi ndiye niliyewaharibia Mgao kwa salamu zangu. Nadhani leo ninyamaze."

"Kunyamaza nako ni amri. Ona Ryoba alivyoielewa."

Mzee aliona. Mkono wa Ryoba ulikuwa umeukaza usukani hadi vifundo vya vidole vimepauka.

Nkwimba aligeukia kibodi. Mgao hauingii bila Beji, kwa sababu unaitegemea. Lakini Mgao unachouliza ni jina tu: Beji yupo? Hauulizi kama ana kitu ndani. Na sasa muhuri haukaguliwi. Alitengeneza kiongezo kipya, hewa tupu, gamba lisilo na kiini, akakipa jina la Beji, akakiweka mahali pa kile cha kweli. Ilikuwa kazi ya mistari mitatu. Mikono yake haikutaka kuimaliza.

Maana alijua bei yake. Bila Beji, Mgao hauna wa kumpimia. Unajua kufungua na kufunga, basi. Mitungi ilipangwa kwa vipimo, kijiko kwa kijiko, kwa watu watatu hadi kesho jioni. Kwa wanne, kwa kufungua na kufunga kwa kubahatisha, ingefika kesho asubuhi. Labda mchana. Labda. Na Ryoba alikuwa sahihi kwenye jambo moja: kile alichokuwa anataka kumpa Wande hakikuwa chake peke yake. Alikuwa anaingiza mkono kwenye mapafu ya watu wawili wengine, watu wanaomwita fundi, wanaomwamini.

Angeweza kuandika kimyakimya. Hakuna aliyekuwa akisoma kioo. Angewasha upya, mvumo ungesikika, angesema "nimeirekebisha," na Ryoba angemkumbatia tena. Wazo hilo lilikaa naye kwa muda, na lilikuwa zuri sana.

"Kaka Ryoba," alisema. "Geuka."

Aligeuka nusu.

"Naweza kuifanya ifungue kwa wote. Lakini haitapima tena. Nitakuwa nafungua na kufunga mwenyewe, na kwa watu wanne sijui kama tutafika mchana. Tukiwa watatu tunafika. Nakwambia ili usije ukasema nilikuficha."

"Kwa nini unaniambia sasa? Ungefanya tu!"

"Kwa sababu ni hewa yako."

"Basi nasema hapana." Alisema haraka, kama anayetema. "Umesikia? Ni yangu, na nasema hapana. Nina watoto, Nkwimba."

"Nimekusikia."

"Na bado utafanya."

"Nitafanya."

"Sasa umeniuliza ya nini?"

Nkwimba aliweka kidole juu ya kitufe. "Unichukie ukijua. Nisikuibie ukiwa umelala."

Ryoba aliachia usukani, akamgeukia Nkwimba uso mzima, halafu akaushika tena usukani kwa mikono yote miwili. Chuma kililia kidogo. Wande aliinuka kwa goti moja, mdomo umekaa tayari kung'ata.

Ndipo mzee Bulugu alipoondoka alipokuwa. Alitembea hatua zake za polepole, akapita katikati yao, akasema "samahani" kama mtu anayepita mbele ya watu msibani, akageuka, akaegemeza mgongo wake mpana kwenye mlango, akajishusha mpaka chini. Usukani ukawa nyuma ya kofia yake. Mikono ya Ryoba ikabaki hewani.

"Nyapara, toka."

"Goti linauma," mzee alisema. "Nimekaa."

"Mzee, nitakusogeza."

"Nisogeze."

Walitazamana. Ryoba alikuwa na nguvu za kumbeba nyapara na mlango wenyewe. Alisimama pale, kifua kinapanda na kushuka, na kila kilipopanda alikuwa anatumia kile alichokuwa anakipigania.

Nkwimba alibonyeza.

Giza. Safari hii hakuna aliyevuta pumzi kwa nguvu. Kioo kikawaka, akaandika bila-muhuri, akakosea herufi, akafuta, akaandika tena akiwahi ule upenyo mdogo kabla haujafungwa.

Vihisi: vimepakiwa.
Feni: imepakiwa.
Beji: imepakiwa.
Mgao: umepakiwa.

Hapakuwa na hesabu ya beji. Hapakuwa na hesabu ya pumzi. Ko, kitu kikagonga nyuma ya ukuta. Mvumo ukaanza. Wakausubiri ukatike. Haukukatika. Mwishowe Nkwimba aliukata yeye mwenyewe, kwa kidole, na sauti ilipokufa alihisi kana kwamba ameziba mdomo wa mtu.

"Sasa kanuni," alisema. "Tulale chali. Tusitembee, tusiongee. Nitafungua nikiona kichwa kinauma."

"Kichwa cha nani?" Ryoba aliuliza.

"Changu. Sina kingine."

Ryoba alienda ukuta wa mbali, akalala, akawapa mgongo. Mzee Bulugu alibaki mlangoni. Nkwimba aliweka kichwa chake chini ya kibodi, mkono mmoja juu ya kitufe, akaanza kusikiliza maumivu yake mwenyewe, kazi ambayo hakuwahi kufikiri ni ya fundi. Yakija, anafungua. Yakirudi nyuma, anafunga. Mara nyingine alifunga mapema kwa woga. Mara nyingine alichelewa, akaona vijinyota, akafungua huku akiwaza kwamba kila sekunde anayowapa sasa anaichukua kutoka asubuhi.

Muda ulikwenda bila kusema umefika wapi. Kumnyamazisha Ryoba ilikuwa kama kusimamisha mto kwa kiganja. Mgongo wake ulikuwa unatetemeka kwa maneno. Kutoka njia kuu hakukuja sauti yoyote ya kuchimba, wala ya gari, wala ya mtu.

Nkwimba alikuwa anafungua tena, au labda anafunga, alipomsikia anageuka.

"Mama," Ryoba alisema kuelekea dari. Sauti ilikuwa ya kukwaruza, bado ina hasira yote.

Wande alikikumbatia kiroba zaidi kifuani.

"Wewe mama wa kiroba. Toka hapo kwenye kona. Hapo feni haifiki, unahema mara mbilimbili. Unaniharibia sehemu yangu bure."

Mawe yakagongana ndani ya kiroba, na mtu akaanza kuburuzika taratibu sakafuni, kuelekea upande wa hewa.